Kutua Bila Kishindo

Nyumbani,
3 Februari

Mdogo wangu,

Ukiona bahasha nene namna hii usidhani nimekutumia zawadi. Ni kazi. Mwalimu wa michezo amehamishwa, na mwalimu mkuu alipoangaza macho ofisini kutafuta wa kumtwisha timu ya netiboli ya wasichana, yakaniangukia mimi, mwalimu wa hesabu niliyebakiza miaka miwili kustaafu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Usicheke. Wewe ulikuwa bado unatambaa wakati mimi nafunga magoli kumi kwa mechi moja.

Tatizo ni hili. Mwaka jana timu ilianza na wasichana kumi na wawili ikamaliza na saba, na mmoja kati ya hao saba alikuwa anachechemea. Magoti, vifundo vya miguu, kidole kilichokunjwa na mpira. Wazazi walikuja juu. Mwalimu mkuu ameniambia waziwazi kwamba msimu huu wakiumia tena timu inavunjwa, na uwanja utakuwa maegesho ya magari. Kwa hiyo kombe silitafuti. Natafuta wasichana kumi na wawili watakaofika fainali ya tarehe 6 Aprili wakitembea kwa miguu yao.

Mtaalamu wa viungo katika ukoo huu ni wewe. Nitumie karatasi ya mazoezi ya kuwakinga wasiumie, nami nitaifuata neno kwa neno. Unanijua, sibadilishi kanuni.

Binti yako hajambo. Tangu nimchukue, mama yake alipokwenda masomoni na wewe ukabaki na zamu zako za hospitali, amerefuka mpaka sketi ya shule inaonekana ya kuazima. Ndiye mfungaji wangu. Ana miaka kumi na mitatu, na anaruka kama vile ardhi inamuunguza.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema "sawa sawa Dada" halafu unakata. Andika, nikusahihishe kama kawaida yetu. Barua yako ya mwisho niliipa sita juu ya kumi. Moja nilikata kwa ajili ya mwandiko na tatu kwa sababu hukusema kitu.

Dada yako, mwenye kalamu nyekundu


Hospitali, Idara ya Mazoezi ya Viungo,
12 Februari

Dada, shikamoo.

Miaka arobaini nakuandikia barua, tangu darasa la kwanza, na kumi sijawahi kuiona. Tafadhali safari hii usikate alama za mwandiko. Kalamu niliyonayo ni mbovu na meza inayumba.

Kabla ya karatasi, nikwambie ninayowaambia wote wanaoingia hapa wakichechemea. Usiwaache wasichana waruke wakiwa wametoka moja kwa moja darasani. Robo saa nzima ya kukimbia polepole na kunyoosha viungo kwanza. Wape siku mbili za kupumzika kila wiki, maana mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Mifupa yake bado inakua. Usiongeze mazoezi kwa pupa. Maji yawepo. Viatu viwe vya saizi yake, visiwe vya kurithi kwa dada yake. Na zaidi ya yote wafundishe kutua. Wengi hawaumii wakipanda hewani, wanaumia wakishuka. Magoti yapinde kidogo, yaelekee mbele, yasibusiane. Kama huna uhakika na macho yako, tumia masikio. Anayetua vizuri hasikiki.

Kwa watu wazima ni hayohayo, ila sisi tuna ugonjwa mmoja wa ziada. Tunaukumbuka mwili wa miaka ishirini iliyopita, halafu tunaingia nao uwanjani. Nimeandika bango kubwa juu ya mlango wa chumba changu: PASHA MWILI MOTO KWANZA. Wagonjwa wanalisoma wakati wameshachelewa.

Karatasi nimeiambatisha. Mwambie mfungaji wako baba yake anamkumbuka. Najua niliahidi kuja mwisho wa mwezi uliopita nikaingia mitini. Kazi zimenibana.

Mdogo wako


Nyumbani,
24 Februari

Mdogo wangu,

Tano. Mwandiko umelala chali. Hata darasa la pili hukuandika hivi.

Lakini karatasi yako! Zoezi la kwanza: "Kaa kwenye kiti imara, simama bila kushika chochote, kaa tena polepole, mara kumi." Basi tukatoa viti kumi na viwili darasani. Hebu waza, wasichana wamevaa jezi, viti vichwani, wanaelekea uwanjani kama familia inayohama. Zoezi la pili, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Tukabeba na meza. La tatu, kutembea kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. La nne ndilo lililonitoa jasho: "Inuka kitandani kwa kugeukia ubavu, usikurupuke." Nikasema hii lazima iwe siri ya kitaalamu. Tukatandika mikeka, wakalala wote, nikapiga filimbi, wakainuka kwa ubavu taratibu kama malkia kumi na wawili. Wavulana wa mpira wa miguu walicheka mpaka wakakaa chini. Zoezi la tano, "Hakikisha mazulia yameondolewa njiani," nalo tumelitekeleza. Nimekagua uwanja mwenyewe. Hakuna zulia.

Sijui unafanya uchawi gani, lakini tangu tuanze hakuna aliyeanguka. Mwanzoni walikuwa wanayumba kwa mguu mmoja, sasa wanasimama huku wanapiga soga.

Kutua niliwafundisha mwenyewe kwa vitendo. Nilipanda juu ya benchi nikaruka. Somo lilieleweka vizuri sana na tukaishia hapo kwa siku ile. Siku hizi nafundisha nikiwa nimekaa, na nimepata njia nzuri zaidi. Nawapa mgongo, nafumba macho, wanaruka mmoja mmoja, nami nasikiliza. Nikisikia kishindo nasema "rudia".

Binti yako ana adabu mpaka ananishangaza. Kwenye viti huwa wa mwisho kuinuka, anawasubiri wenzake wote. Ngazi za darasani anashuka polepole, mkono kwenye ukuta, kama mama mtu mzima. Umelea vizuri.

Dada yako, kocha


Shuleni,
25 Februari

Baba, shikamoo.

Barua hii nimempa karani wa shule aiposti, na jibu lake lipitie kwake pia. Kwanza uape kwamba hutamwambia Shangazi. Umeapa? Haya.

Goti langu la kulia linauma. Siyo ndani, ni chini ya ile sahani ya goti. Pametoka kinundu kigumu, nikikigusa nashtuka. Linauma nikiruka na nikishuka ngazi, na kwenye lile zoezi lako la kiti ndiyo usiseme. Wenzangu wakiinuka mimi najifanya nafunga kamba za viatu. Shangazi anadhani ni adabu. Ilianza Januari nikasema itapita. Kila asubuhi nalipapasa goti kabla sijatoka kitandani, na kinundu bado kipo.

Siwezi kumwambia. Mwalimu mkuu alisema wakiumia tena timu inavunjwa. Ndiyo niwe mimi niliyewavunjia wenzangu kumi na mmoja? Halafu Shangazi ana furaha, Baba, hujawahi kumwona hivi. Anaimba akisahihisha hesabu. Zimebaki wiki sita tu, naweza kujikaza kisabuni. Nitumie dawa ya kupaka.

Kuna na jingine, na hili pia umeapia. Shangazi alipotuonyesha kutua, aliruka kutoka kwenye benchi na viatu vyake vya ofisini, akatua kwa mguu mmoja, kifundo kikageuka. Kilivimba kama ngumi. Akatuambia, "Mmeona? Hivyo ndivyo msivyotakiwa kutua." Tangu siku ile anavaa sketi ndefu mpaka chini na anafundisha amekaa. Ametuapisha wote tusiseme, kwa sababu mwalimu mkuu akijua atasema amezeeka.

Mwanao, mwenye viapo viwili


Hospitali,
5 Machi

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa chini. Sijakasirika. Nimeumia tu kwamba tangu Januari umelibeba hilo peke yako, na kazi ya baba yako ni magoti.

Kwanza tulia. Kwa unavyoeleza, na kwa jinsi ulivyorefuka, nadhani nakijua hicho kinundu. Mfupa wako unakua haraka kuliko msuli wa paja, na msuli unauvuta mfupa pale unapojishikiza, chini ya goti. Watoto wengi wanaokimbia na kuruka hukipata katika umri wako, na hupona. Lakini kudhani kwangu kwa barua hakutoshi. Upelekwe kliniki wakaliangalie kwa mikono yao.

Dawa ya kupaka haipo. Dawa ni kupunguza. Kuruka uache leo, hilo halina mjadala. Ukitoka shule weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano, halafu nyoosha misuli ya paja polepole, pasipouma. Ukilisikiliza goti sasa, huenda ikawa wiki kadhaa. Ukilikaza mpaka fainali inaweza kuwa mwaka, na hata kipande cha mfupa kinaweza kubanduka. Hilo silitaki hata kuliwaza.

Mimi nimeapa na sitasema. Wewe hukuapa, kwa hiyo mwambie Shangazi. Kusema mapema hakuvunji timu. Nakupa wiki mbili.

Baba yako, ambaye kiapo kinamkaba


Hospitali,
6 Machi

Dada, shikamoo. Kaa kwanza, kama hujakaa.

Karatasi niliyokutumia siyo yenyewe. Ile ni ya wazee waliovunjika nyonga, wanaojiandaa kurudi nyumbani. Ndiyo sababu ya kitanda. Ndiyo sababu ya mazulia. Nilikunja karatasi mbili kwa pamoja, harakaharaka, kila moja ikaingia kwenye bahasha ya mwenzake.

Aliyenizindua ni Bibi wa Kitanda cha Nne, mwenye miaka themanini na mmoja. Aliniita mbele ya wodi nzima, amevaa miwani, karatasi mkononi. "Mwanangu," akasema, "hapa umeniandikia niruke juu, nigeuke hewani, nitue kwa miguu miwili, mara kumi na mbili. Kama mmechoka kunihudumia semeni tu, nitaondoka kwa amani." Nilimwomba radhi mpaka sauti ikakauka. Alipoona nimeishiwa nguvu akaniuliza kama kuna na jezi.

Karatasi halisi ni hii hapa. Lakini viti usivirudishe darasani. Kukaa na kusimama bila kushika kunaimarisha mapaja, na kusimama kwa mguu mmoja kunakizoesha kifundo kutogeuka. Hata wachezaji wakubwa wanafanya. Kitanda ndicho ukiondoe.

Tukiwa hapo kwenye vifundo, niseme mawili matatu kwa jumla, simlengi mtu. Kifundo kikigeuka na kuvimba, mhusika asikitembeze kutwa nzima kama hakuna kilichotokea. Akifunge bandeji, aweke barafu, jioni akiinue juu ya kiti. Akishindwa kukanyaga hatua nne, akapigwe picha. Uvimbe ukipungua aanze kukichezesha taratibu. Na kwa vyovyote vile asiruke na viatu vya ofisini.

Mdogo wako


Nyumbani,
14 Machi

Mdogo wangu,

Nne.

Wasichana walipojua kwamba wiki zote hizo walikuwa wanafanya mazoezi ya bibi zao, walicheka mpaka wakaanguka kwenye mikeka, na safari hii hakuna aliyekumbuka kuinuka kwa ubavu. Lakini viti wamekataa kuviacha. Mazoezi mapya tunayafanya pamoja na ya zamani. Vishindo vinapungua. Juzi nilifumba macho nikasikia tisa tu kati ya kumi na mmoja, wawili walitua kama paka.

Sasa nina maswali. Kwa nini umeniandikia nusu ukurasa juu ya vifundo vya miguu, na mimi sikuuliza? Viatu vya ofisini vimeingiaje? Nani amemwaga mtama?

Na la mwisho, ambalo utalijibu vizuri. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Barua zako mbili za karibuni zina wino uliopakazwa kuelekea kulia, na herufi zimeegemea nyuma. Hivyo huandika mtu anayetumia mkono wa kushoto, mkono wake unafuata nyuma ya kalamu na kufuta anachoandika. Wewe ni wa mkono wa kulia. Mwezi wa kwanza uliahidi kuja hukuja. Karatasi mbili umezichanganya, wewe unayepanga soksi zako kwa rangi. Mkono wa kulia una nini? Na usinieleze habari za kalamu mbovu.

Binti yako amekuwa kimya. Wiki hii ameomba kuwa mwamuzi mazoezini badala ya kucheza, eti anataka kujifunza sheria. Ndiyo maana nahesabu kumi na mmoja. Namtazama, moyo haunipi amani, na nashindwa kumuuliza. Nikiuliza atanijibu, na jibu lenyewe naliogopa.

Dada yako, ambaye macho bado anayo


Hospitali,
20 Machi

Dada yangu na binti yangu,

Barua hii isomwe mezani, kwa sauti, nyote wawili mkiwepo. Asome Dada.

Nimevunjika mkono wa kulia. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari. Wafanyakazi wa hospitali tulicheza mpira wa miguu, wauguzi dhidi ya sisi wa idara ndogondogo. Nilichelewa wodini, nikafika wameshaanza. Nikavua koti, nikavaa viatu, nikaingia. Sikunyoosha hata kidole. Mpira wa kwanza niliopewa niliufukuzia kwa kasi ya mtu wa miaka kumi na tisa. Hatua ya tano msuli wa nyuma ya paja ukachanika, nikaenda chini, nikatanguliza mkono, nao ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Nilicheza dakika moja na nusu. Wauguzi wanasema ni rekodi.

Walinibeba mpaka chumbani kwangu mwenyewe, tukapita chini ya bango langu mwenyewe. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye foleni alilisoma kwa sauti nilipokuwa napita.

Nilificha kwa aibu, sina sababu nyingine nzuri. Mtu anayemhubiria kila anayeingia apashe mwili moto hakutaka dada yake ajue, na zaidi binti yake, kwamba yeye hakupasha. Lakini tazameni kilichofuata. Kwa sababu ya kuficha niliandika kwa mkono usiojua kuandika, nikakunja karatasi kwa mkono mmoja, na bibi wa miaka themanini na mmoja akaandikiwa kuruka. Bahati yake ana akili kuliko mimi. Nilicheka na wodi nzima, kisha nikaenda kukaa chooni peke yangu. Mkono uliovunjika ni wangu, lakini siri yangu ilikuwa inakwenda kumvunja mtu mwingine.

Nimemaliza. Plasta naitoa kesho kutwa. Simshtaki mtu yeyote kwa lolote. Ila Dada, ukifika hapa usiinuke mezani. Wala wewe mwanangu. Kaeni kidogo.

Mdogo wako, baba yako


Nyumbani,
25 Machi

Baba, shikamoo, na pole sana.

Shangazi alisoma mpaka "kaeni kidogo", akavua miwani. Tukakaa. Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji na hakuna aliyekwenda kulifunga. Nikaona nikingoja zaidi nitakimbia. Nikainua mguu, nikauweka juu ya kiti, nikapandisha sketi, nikamwonyesha kinundu. Nikamwambia tangu Januari.

Alikitazama, hakukigusa. Halafu naye akainua mguu wake, akauweka juu ya kiti kingine, akapandisha ile sketi ndefu. Bandeji kubwa, imejaa vumbi la chaki. Tukabaki tunatazamana miguu. Sijui nani alianza kucheka. Yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi ya kweli. "Nilidhani ni adabu," akasema. "Mwalimu mzima mimi, nilidhani ni adabu." Akanivuta akanikumbatia, nami nikalia yote niliyokuwa nimeyabana.

Kesho yake tulikwenda kliniki. Wamesema kama ulivyosema. Hakuna kilichobanduka. Fainali sichezi. Baba, nimekasirika, nakwambia kwa sababu sasa tumekubaliana kuambiana ukweli. Nimelikasirikia goti, nimekukasirikia wewe, hata kliniki. Najua mko sahihi na bado nimekasirika.

Tulipotoka huko Shangazi alinishika mkono mpaka kwa mwalimu mkuu, anachechemea waziwazi katikati ya uwanja, wanafunzi wote wanaona. Akamwambia, "Nina wawili walioumia, mimi na huyu. Sasa vunja timu." Mwalimu mkuu alitafuta kalamu mezani muda mrefu. Akasema miaka yote anaambiwa mtoto akishaanguka. Leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa mtoto akiwa bado amesimama. Hatavunja sasa. Atakuja fainali, asimame getini, ahesabu mwenyewe wanaotoka kwa miguu yao.

Mwanao, asiye na kiapo hata kimoja


Nyumbani,
8 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya mezani nimeipa tisa. Moja nimekata kwa sababu ya wiki saba ulizonizungusha. Mwandiko wa kushoto nimeusamehe.

Tumefungwa, ishirini na moja kwa ishirini. Nakwambia haraka ili liishe. Angecheza mfungaji wangu tungeshinda, kila mtu pale alijua hivyo, na yeye alijua kuliko wote. Asubuhi alikataa chai. Alikaa kwenye ngazi amevaa jezi ambayo hatacheza nayo, mimi nikasimama nyuma yake, kikombe chake mkononi. Halafu akainuka mwenyewe, akabeba kiti kichwani, akatangulia.

Robo saa nzima alisimamia wenzake. Mbio za polepole, viti, mguu mmoja, kuruka na kutua. Wageni wetu walianza kwa kucheka. Kisha wakanyamaza. Kisha wawili wakaja kuuliza kama kuna kiti cha ziada, na binti yako akawapa chake.

Mchezo ulipokwisha mwalimu mkuu alisimama getini, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu. Kumi na mmoja wakapita, wengine wanalia kwa kufungwa, lakini wanalia huku wanatembea. Binti yako akaja wa mwisho na kiti chake kichwani. "Kumi na wawili," akasema mwalimu mkuu. Nikafuata mimi na bandeji yangu. Akaniangalia mguu, akaniangalia usoni, akasema, "Wewe Mwalimu sikuhesabu." Uwanja unabaki uwanja.

Mdogo wangu, nimejivunia mtoto huyu mpaka kifua kikawa kidogo. Njiani ameniambia, "Shangazi, mwakani." Nimemwambia afanye upesi, mwakani nitakuwa nimebakiza mwaka mmoja.

Dada yako, kocha aliyefungwa


Nyumbani,
2 Juni

Baba, shikamoo.

Shangazi amesema barua yoyote inayotoka nyumba hii lazima ipite kwake kwanza, kwa hiyo ukiona wino mwekundu chini usishtuke.

Kliniki wameniruhusu kurudi kidogokidogo. Wiki mbili zilizopita ilikuwa kukimbia tu, wiki hii kuruka. Kinundu bado kipo na wanasema kinaweza kubaki, lakini nikikigusa hakiniumi. Bandeji ya Shangazi siku hizi inafuta ubao.

Leo baada ya masomo tulikwenda uwanjani wawili tu. Nilipasha mwili robo saa, yeye ameshika saa, na hakunipunguzia hata dakika moja. Kisha akaweka kiti chake katikati ya uwanja, akanipa mgongo, akafumba macho.

Niliogopa, Baba. Nikajisemea magoti yapinde, yaelekee mbele, yasibusiane. Nikaruka. Nikangoja aseme "rudia". Hakusema. Nikaruka tena, juu zaidi. Hakusema. Mara ya tatu niliruka kama vile mpira uko juu kabisa na fainali bado haijaisha.

Nikasimama nahema. Shangazi akageuza kichwa kidogo, macho bado ameyafumba, akasema kwa upole, "Mama, usiogope. Hakuna anayetukimbiza. Ruka ukiwa tayari."

Nikamwambia nimesharuka mara tatu.

Mwanao, mfungaji

(Kwa wino mwekundu)

Ni kweli tupu. Sikusikia kitu. Kumi.

Na wewe, baba mtu, usinune.